Motokari ya Kilometa 325



Barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare mwaijua. Wakati wa mvua kilima huwa utelezi na bonde huwa ziwa. Daraja la miti likivunjika, watu hungoja. Na asiyeweza kungoja huvua viatu. Katika barabara hiyo tulikutana na vijana watatu waliokuwa wakisukuma kinga zao. Hawakuzipanda, maana mwenye mzigo hapandi kinga. Huifunga fimbo kwenye usukani, huitwika bidoni za mawese kushoto na kulia, naye hutembea kando yake siku baada ya siku, akiisukuma kwa kifua mahali pa kupanda na kuizuia kwa mikono mahali pa kushuka.

Tulipumzika pamoja chini ya mwembe. Mmoja wao alitoa simu yake akasema: «Mwalimu, tazama!» Tukatazama. Ilikuwa picha ya motokari ya rangi ya maziwa, isiyo na paa, iliyolala chini kama mamba ukingoni mwa mto. Kijana yule alilijua jina lake, alizijua nguvu zake, aliujua mwendo wake. Wenzake waliinama juu ya ile simu kwa kimya, kama watu wanaosali. Kisha yule mwenye simu alisema juu ya mwenye ile motokari: «Yule ndiye mtu.»

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyotufanya tuandike. Sisi walimu wa dini tumezoea kusikia matusi, nayo hayatuogopeshi sana. Lakini kijana mwema, mwenye kulisha mama yake kwa jasho lake, anapomtazama mtu asiyemjua, akamwita mtu kwa sababu ya motokari yake, hapo yafaa tuseme.

Motokari yenyewe

Kwanza tueleze ni kitu gani. Imetengenezwa na Lamborghini, kampuni ya Italia yenye kiwanda katika mji mdogo wa Sant'Agata Bolognese. Jina lake ni Veneno Roadster. Veneno lilikuwa jina la fahali mmoja wa mchezo wa mafahali huko Hispania. Na kwa Kihispania neno hilo maana yake ni sumu. Motokari za namna hii zilitengenezwa tisa tu, katika mwaka 2014, kila moja kwa bei ya euro milioni 3.3 kabla ya kodi. Ina nafasi ya watu wawili. Nguvu zake ni za farasi 750, na mwendo wake wa mwisho ni kilometa 355 kwa saa. Haina paa kabisa. Kwetu, katika mvua ya Maniema, hata banda la mbuzi lisilo na paa halipati mnunuzi.

Angalieni neno hili: «tisa tu». Mwenye kuuza sufuria hutaka kila nyumba ipate sufuria. Mwenye kuuza motokari hii huahidi kinyume: kwamba wengine hawataipata. Uhaba huo haukuletwa na ukosefu wa chuma wala wa mafundi. Umetengenezwa kwa makusudi kama motokari yenyewe, nao umewekewa bei. Anayenunua hulipa kwa ajili ya magurudumu, na tena hulipa ili jirani yake afungiwe nje.

Tarehe 29 Septemba 2019, karibu na Geneva katika nchi ya Uswisi, moja ya zile tisa iliuzwa kwa mnada na Bonhams, wanadi wa Uingereza. Ililipiwa faranga za Uswisi milioni 8 na 280,000. Na kipimo cha safari ndani yake kilionyesha kwamba tangu kutoka kiwandani ilikuwa imetembea kilometa 325.

Basi tufanye hesabu, kama tunavyowafanyisha watoto shuleni. Gawanya bei ile kwa kilometa zile: ni zaidi ya faranga 25,000 kwa kila kilometa moja. Tena, kwa mwendo wake wa mwisho, safari zote za maisha yake zingekwisha kabla ya saa moja kutimia. Saa moja! Na yule kijana wa mawese? Akitoka Kasongo kwenda Kindu na kurudi amekwisha kuzipita kilometa 325, kwa miguu, na mzigo mkononi. Na baadaye atakwenda tena. Tukisema kinga moja ngumu ni faranga 150 za Uswisi, bei ile ingenunua kinga 55,200.

Sasa twauliza: kati ya hao wawili, nani amesafiri? Nani amefikisha kitu kwa mtu mwingine?

Ilitoka wapi?

Motokari ile haikuuzwa peke yake. Siku ile ziliuzwa 25, zote za fahari, zilizokamatwa na wakuu wa sheria wa Geneva katika kesi iliyomhusu Teodoro Nguema Obiang Mangue, makamu wa rais wa Guinea ya Ikweta. Nchi hiyo ni ndogo, iko pwani ya Atlantiki kati ya Kamerun na Gaboni, nayo ilianza kutajirika kwa mafuta ya petroli katika miaka ya 1990. Baba yake ni rais wa nchi hiyo tangu mwaka 1979. Yeye mwenyewe alikuwa waziri wa kilimo na misitu. Na serikali ya Marekani, katika kesi yake iliyomalizika mwaka 2014, ilisema kwamba mshahara wake wa uwaziri haukufika dola 100,000 kwa mwaka. Gawanyeni tena, wasomaji. Ni miaka mingapi ya mshahara kwa motokari moja?

Kesi ya Geneva ilifungwa mwezi wa Februari 2019 kwa mapatano: motokari ziuzwe, na fedha ziende katika kazi za kuwasaidia watu wa nchi ile. Huko Ufaransa mambo yalifika mbali zaidi. Tarehe 27 Oktoba 2017 korti ya Paris ilimhukumu kwa kosa la kusafisha fedha zilizoibwa kwa umma. Na tarehe 28 Julai 2021 korti kubwa ya mwisho ya nchi ile ilikataa rufani yake.

Basi yule aliyeitwa «mtu» chini ya mwembe wetu ndiye huyo.

Wanaotupinga

Tunajua kwamba si wote watakaopendezwa na maneno haya. Tuyasikilize wanayosema, tuyajibu moja moja.

Wa kwanza asema: «Huo ni wivu wa maskini.» Twajibu: mwenye wivu hutaka kitu kiwe chake. Sisi tukipewa ile motokari kesho, tutaiendesha wapi? Haitafika hata mto wa kwanza. Twataka barabara, nayo barabara haina wivu: apitaye mmoja hamzuii mwingine kupita. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hupita, muuza samaki hupita, padri hupita, na tajiri pia hupita na motokari yake. Kitu kinachowafaa wote, kukitamani si dhambi.

Wa pili asema: «Mafundi wale wamepata kazi, na uzuri ni kipaji cha Mungu. Na ninyi watu wa Kanisa, je, hamna vikombe vya dhahabu?» Swali hili ni zuri, wala hatulikwepi. Sisi hatuchukii ufundi. Seremala anayeunda mtumbwi wa kupendeza twamsifu. Kikombe cha altare hakikutengenezwa ili jirani afungiwe nje. Amekaribishwa mwenye viatu na asiye navyo. Hata hivyo Mtakatifu Yohane Krisostomo, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, aliwakemea Wakristo wake waliopamba altare huku wakimwacha ndugu yao akitetemeka kwa baridi mlangoni mwa kanisa. Basi kipimo hicho kitupime na sisi. Baba Mtakatifu Fransisko, mwezi wa Julai 2013, aliwaambia waseminari na wanovisi kule Roma kwamba humwumiza moyo kumwona padri au mtawa na motokari ya namna mpya kabisa. Akawaomba wachague ya kawaida, wakiwakumbuka watoto wanaokufa kwa njaa. Hayo hakuwaambia wapagani. Alituambia sisi.

Wa tatu asema: «Mali ni yake; mtu hufanya apendavyo na mali yake.» Kama ni yake, korti ya Paris imekwisha kujibu. Lakini tuseme hata alikuwa ameipata kwa haki: je, ingetosha? Papa Paulo wa Sita, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alifundisha kwamba mali ya mtu si haki isiyo na mpaka, na kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kujiwekea yasiyo ya lazima kwake wakati wengine wanakosa yaliyo ya lazima. Yule tajiri wa Injili hatusomi kwamba aliiba. Twasoma kwamba Lazaro alilala mlangoni pake, naye akaendelea kula.

Wa nne, na huyu ndiye twamsikia mara nyingi, asema: «Hayo ni mambo ya Ulaya na ya Guinea. Kasongo yanatuhusu nini?»

Yanatuhusu nini

Ndugu, kama kuna nchi duniani inayoijua fahari ya wengine, ni hii yetu. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Tuulize basi, vimeundwa kwa nini, na kwa jasho la nani?

Zamani za Tippu Tip, Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa Wangwana. Pembe za ndovu zilitoka hapa, zikapita Kabambare, zikavuka ziwa Tanganyika hadi Ujiji, zikaendelea Tabora na Bagamoyo, zikafika Unguja. Zilibebwa mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao hawakurudi. Huko mbele, Ulaya na Marekani, zilikatwa ziwe vipande vyeupe vya piano na mipira ya mchezo wa mezani. Mtoto wa tajiri alijifunza muziki; mtoto wa Maniema alizikwa kando ya njia.

Baada ya pembe ulikuja mpira. Mwaka 1888 Dunlop alitengeneza gurudumu la mpira lenye upepo ndani, kwanza kwa ajili ya kinga, na muda si mwingi kwa ajili ya motokari. Dunia ikataka mpira, na Mfalme Leopoldi wa Pili, aliyekuwa na Kongo kama shamba lake mwenyewe mpaka mwaka 1908, aliwalazimisha watu kuutafuta msituni. Walioshindwa walipigwa, wake zao walifungwa, na wengine walikatwa mikono. Magurudumu ya kwanza ya fahari za dunia yaliviringika juu ya mikono ya Wakongo. Hatusemi hivi kwa ukali wa bure. Ni habari inayojulikana.

Na leo? Bati la Maniema huunganisha nyaya ndogo ndani ya simu na ndani ya motokari. Kobalti ya Katanga huingia katika betri. Dhahabu ya Namoya, katika nchi ya Kabambare, ilichimbwa na kampuni ya wageni kwa mashine kubwa, mpaka mwaka 2019 kazi iliposimama kwa sababu ya usalama mbaya. Mwaka ule ule motokari ya rangi ya maziwa iliuzwa huko Uswisi. Mambo hayo mawili hayakuagizana. Lakini yatazameni pamoja. Mahali pa kwanza pana dhahabu na hapana barabara. Mahali pa pili pana motokari isiyotembea.

Basi fahari ya namna hii si jambo la mbali. Sisi ndio tulioibebea mzigo tangu siku za pembe, na jambo la kuhuzunisha ni kwamba sasa twaibebea tena, kwa hiari, katika simu zetu.

Motokari mbili

Labda mtu atauliza: je, motokari kama hii ina dawa yoyote? Ndiyo. Sikilizeni habari ya motokari nyingine, ya kampuni ile ile.

Tarehe 15 Novemba 2017 wakuu wa Lamborghini walikwenda Vatikano, wakampa Baba Mtakatifu Fransisko motokari mpya ya namna iitwayo Huracán, nyeupe yenye mistari ya dhahabu. Baba Mtakatifu aliibariki, akaandika sahihi yake juu yake kwa kalamu, basi. Hakuichukua. Mwezi wa Mei 2018 iliuzwa kwa mnada huko Monako kwa euro 715,000. Fedha zake ziligawanywa: nyingine kuwarudisha Wakristo wa bonde la Ninawi, huko Iraki, katika nyumba zao zilizobomolewa na vita, nyingine kuwasaidia wanawake waliotolewa katika biashara ya miili, nyingine kwa mashirika mawili ya Waitalia yanayofanya kazi Afrika, hasa kwa ajili ya akina mama na watoto.

Tazameni basi. Ni kampuni moja, na mnada ni mnada. Moja ilinyang'anywa na askari wa sheria, nyingine ilitolewa kwa mkono wazi. Moja mwenyewe aliificha ghalani, nyingine mwenyewe hakuipanda hata siku moja. Baba Mtakatifu Fransisko alikufa tarehe 21 Aprili 2025, na huko Ninawi ziko familia zinazolala chini ya paa. Motokari isiyo na paa haikumpa mtu yeyote paa, mpaka iliponyang'anywa.

Kosa letu wenyewe

Sasa tugeuze kidole, kituelekee sisi. Kumsema makamu wa rais wa nchi ya mbali ni kazi rahisi; hatusomi gazeti moja pamoja naye.

Baada ya uhuru, ndugu zetu wa Afrika ya Mashariki walitunga neno «Wabenzi», yaani kabila jipya la wakubwa wapandao Mercedes-Benz. Huko Tanzania, Mwalimu Nyerere na chama chake walitangaza Azimio la Arusha mwezi wa Februari 1967, wakawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mengi ya azimio lile yaliachwa baadaye, lakini swali lake halijaachwa: kiongozi ni mtumishi, au ni kabila la peke yake?

Kwetu kabila hilo halijafa. Mwaka wa uchaguzi mwaliona. Motokari kubwa ya vioo vyeusi inaingia mjini, imepakwa matope hadi mlangoni. Watoto wanakimbia nyuma yake, akina mama wanapiga vigelegele, na wazee wanaleta mbuzi. Mgeni anashuka, anagawa fulana na chumvi, anaahidi daraja. Kisha anarudi alikotoka. Daraja halionekani, yeye naye haonekani, mpaka uchaguzi mwingine.

Nani alipiga vigelegele? Sisi. Nani alimkalisha kiti cha mbele kanisani, akamwacha mkunga mzee asimame nyuma kando ya nguzo? Tuseme kweli: ni sisi. Mtume Yakobo aliwaonya Wakristo wa kwanza juu ya jambo hilo hilo, la kumpa mwenye nguo nzuri mahali pazuri na kumkalisha maskini chini. Tumeisoma barua yake mara ngapi katika Misa?

Na mkunga yule ndiye aliyetembea usiku pamoja na mama mwenye uchungu, aliyelazwa katika kipoyi, kuelekea hospitali ya Kasongo. Mara nyingine wanafika. Mara nyingine mtoto anafika bila mama yake. Wale waliowahi kubeba kipoyi cha namna hiyo, na ambao walirudi nacho kitupu, hawahitaji sisi tuwaeleze bei ya barabara mbovu.

Yafaa tufanye nini?

Usiache mbachao kwa msala upitao. Motokari ile ni msala upitao; mbacha wetu ni huu ulio chini ya miguu yetu. Twaomba mambo matatu.

La kwanza: mkubwa akija, tusimpokee kwa vigelegele kabla ya kumwuliza swali. Swali lenyewe ni fupi: «Mheshimiwa, umevuka madaraja mangapi kufika hapa, na ni lipi ulilolijenga wewe?» Adabu haikatazi kuuliza. Mgeni mwema atajibu.

La pili: kila jumuiya ndogo ya Kikristo itazame kipande cha njia kilicho karibu nayo. Siku ya salongo tusiishie kufyeka uwanja wa kanisa tu. Twende kwenye kalvati lililoziba na kwenye gogo lililooza. Kazi hiyo haiondoi deni la serikali. Kodi zetu zalipwa, nazo zadai barabara. Na tuendelee kuzidai kwa sauti na kwa barua. Lakini mama mwenye uchungu hawezi kungoja jibu la barua.

La tatu, na hili ni kwa wazazi na walimu: watoto wetu wajue majina mengine kuliko majina ya motokari. Wajue jina la mkunga wa kijiji chao. Wajue ni nani aliyetengeneza daraja la kijiji chao, na mwaka gani.

Pale chini ya mwembe hatukumkemea yule kijana. Tulimwuliza tu: «Hiyo motokari imebeba nini?» Alifikiri kidogo, akacheka, akasema: «Mwalimu, haibebi kitu.» Tukamwuliza tena: «Na kinga yako?» Akageuka kuitazama. Bidoni sita za mawese, kifurushi cha dawa ya mtu, na barua mbili za kupelekwa Kabambare.

Aliinuka, akaweka simu mfukoni, akaishika fimbo yake. Tulimsaidia kuisukuma kinga mpaka juu ya kilima, maana ilikuwa nzito kweli kweli.

Ndugu wasomaji, mtu ndiye yule.